Kobe Aliye Kando ya Dirisha Hajaota Jua

Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimebanana, na vichochoro vyake hukaa kivulini karibu mchana kutwa. Watu hupata nafuu ya joto, lakini kobe anayefugwa ndani huumia polepole. Gamba hulegea, taya huwa laini, miguu hupinda hadi ashindwe kuinua mwili. Mara nyingi mfugaji huziona dalili hizo mifupa ikiwa imeshaharibika.

Anachokosa ni miale ya UVB, sehemu ya jua isiyoonekana kwa macho. Ngozi yake huitumia kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutumia vizuri kalsiamu iliyo kwenye chakula. Wengi humweka kando ya dirisha la kioo wakidhani anaota jua. Kioo cha kawaida hupitisha mwangaza na joto, ila huzuia karibu UVB yote. Balbu za nyumbani, hata zikiwaka vikali namna gani, hazisaidii.

Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo tiba ya kwanza haina bei. Kobe atolewe uani kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, pawe na maji na kivuli cha kukimbilia. Asiachwe ndani ya beseni wala kwenye saruji tupu. Jua la adhuhuri linaweza kumuua siku hiyo hiyo.

Pasipo na ua, itahitajika taa maalumu ya UVB. Tyubu ndefu ni bora kuliko balbu ndogo. Ifungwe juu ya kizimba, kwani miale ya ubavuni huumiza macho, na ienee nusu tu ili upande wa pili ubaki kivuli. Umbali hufuata maelezo ya mtengenezaji, mara nyingi sentimita 30 hivi. Wavu hupunguza miale. Iwashwe saa kumi na mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi na mbili jioni, kama jua la hapa lenyewe. UVB huisha kabla ya mwangaza, hivyo tyubu nyingi hubadilishwa baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama zingali zinawaka. Hewa ya chumvi nayo hula viungo vya umeme, fundi avikague.

Kobe ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kumfuga bila kibali cha KWS ni kosa, hata kama aliokotwa barabarani. Aliye naye bila kibali awasiliane na KWS kabla ya kununua taa.