Hospitali ya Serikali au ya Binafsi? Tuanze kwa Kuuliza Nani Analipa, na Analipa Lini

Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo daktari huulizwa mara kwa mara na ndugu wa mgonjwa ni hili: "Daktari, tumpeleke wapi, hospitali ya serikali au ya binafsi?" Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, linatanguliza mmiliki wa jengo mbele ya jambo zito zaidi, ambalo ni namna matibabu yatakavyolipiwa. Makala haya yanaeleza hoja za pande zote mbili, yanachambua namna bima ya afya inavyofanya kazi, na yanaonesha kwa nini wakati wa kulipa una uzito mkubwa kuliko kibao kilichoandikwa langoni. Mifano yetu mingi inatoka Tanzania.

Mfano wa mgonjwa

Tuchukue mfano wa fundi seremala mwenye umri wa miaka 50. Si mtu mmoja halisi. Ni mkusanyiko wa wagonjwa wengi ambao mhudumu yeyote wa wodi ya magonjwa ya ndani atawatambua. Aligundulika kuwa na shinikizo la damu miaka 10 iliyopita. Dawa alizinunua alipopata kazi, na aliziacha kazi zilipokosekana. Hakuhisi maumivu, hivyo hakuona haja ya kukopa kwa ajili ya vidonge. Sasa figo zake zimeshindwa kufanya kazi, naye anahitaji kusafishwa damu mara 3 kwa wiki.

Ndugu wanakaa kikao. Wanalinganisha bei ya hospitali ya serikali na ya binafsi, wanauza kiwanja, na tiba inaanza. Baada ya miezi kadhaa fedha zinapungua. Vipindi 3 vya wiki vinakuwa 2, kisha 1. Katika kikao kile walibishana kwa uchungu kuhusu hospitali gani ni nafuu. Ukweli ni kwamba kwa familia isiyo na bima, zote mbili zilikuwa nje ya uwezo wao, na tofauti ya bei iliamua tu kiwanja kingedumu kwa miezi mingapi.

Tulikotoka

Mjadala huu una historia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanzania ilijenga huduma za afya zinazogharimiwa na kodi, na mgonjwa alitibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za kujipatia faida. Hospitali za mashirika ya dini ziliendelea. Zahanati zilisambaa vijijini kwa kasi. Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, majengo yalibaki lakini dawa na vifaa vilipungua. Huduma ilikuwa bure kwa jina, huku mgonjwa akinunua glavu na sindano dukani.

Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa na hospitali binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 ulianza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za umma. Katikati ya miaka ya 1990 Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulianza kwa majaribio wilayani Igunga, mkoani Tabora. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ukianza na watumishi wa umma, ambao hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza asilimia 3. Hatua kubwa ya karibuni ni Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023.

Historia hii inatufunza mambo mawili. Kwanza, umiliki wa serikali pekee hautoshi ikiwa hazina haina fedha. Pili, ruhusa kwa sekta binafsi iliongeza vituo, lakini haikumwondolea maskini kizuizi cha malipo. Na utaratibu wa kuchangia uliokuja baadaye ulikihamishia kizuizi hicho hata kwenye dirisha la hospitali ya umma.

Hoja za pande mbili

Wanaotetea huduma za serikali wana hoja nzito. Hospitali ya umma hufika mahali ambapo hakuna faida: kijiji cha mbali, chanjo, udhibiti wa kipindupindu, kifua kikuu. Mgonjwa hawezi kujadiliana bei ya upasuaji kama anavyojadiliana bei ya nyanya sokoni, kwa kuwa hajui anachohitaji, hawezi kusubiri, na anayemshauri ndiye anayemuuzia. Mwanauchumi wa Marekani Kenneth Arrow aliueleza upungufu huu wa soko la tiba mwaka 1963. Nchi yake imebaki mfano: inatumia zaidi ya asilimia 17 ya pato lake katika afya, sehemu kubwa ya bima ikiwa mikononi mwa kampuni, na bado mamilioni ya wakazi wake hawana bima.

Wanaotetea sekta binafsi nao hawasemi ovyo. Foleni fupi, vipimo vinavyopatikana siku hiyohiyo na mhudumu anayejua kwamba mgonjwa anaweza kwenda kwingine ni mambo yenye thamani. Mgonjwa anayeambiwa "dawa hakuna, kanunue nje" katika kituo cha umma amelipa sekta binafsi vilevile, tena baada ya kupoteza siku nzima ya kazi.

Tukitazama kwa makini, mpaka wenyewe si mnyoofu. Hospitali nyingi za dini ni hospitali teule za wilaya, na serikali huzichangia watumishi na ruzuku. Bugando jijini Mwanza ni ya Kanisa Katoliki, lakini ni hospitali ya rufaa ya kanda inayofanya kazi kwa ubia na serikali. Kwa upande mwingine, baadhi ya hospitali kubwa za umma zina kliniki na vyumba vya kulipia. Kwa hiyo kujua mwenye jengo hakutuambii mgonjwa atalipa nini.

Hesabu ya bima

Bima ya afya ni namna ya kulipa kabla ya kuugua, na kulipa pamoja. Tufanye hesabu kwa tarakimu za mfano tu. Vipindi 3 vya kusafisha damu kwa wiki ni vipindi 156 kwa mwaka. Tukichukulia kila kipindi ni shilingi 200,000, gharama ni shilingi 31,200,000 kwa mwaka. Ni familia chache sana zinazoweza kuibeba. Lakini ikiwa katika watu 1,000 ni mmoja tu anayehitaji tiba hiyo, kila mmoja akitoa shilingi 31,200 mgonjwa amelipiwa mwaka mzima.

Sasa tuseme nusu ya wanachama wanajiona wazima na wanajitoa. Waliobaki 500 watatakiwa kutoa shilingi 62,400 kila mmoja. Mchango ukipanda, wazima wengine wanatoka. Wakibaki 250, ni shilingi 124,800. Hatimaye wanabaki wagonjwa peke yao, na mfuko unakufa. Ndiyo maana bima ya hiari, ambayo watu huikimbilia wakiwa tayari wanaumwa, haiwezi kudumu. Hata kampuni binafsi hujilinda kwa kuweka muda wa kusubiri, ukomo wa fedha, au kutogharimia maradhi aliyokuwa nayo mtu kabla ya kujiunga. Mfuko wa umma ulikutana na tatizo hilohilo: mwaka 2023 NHIF ilisitisha usajili wa mtoto mmojammoja chini ya Toto Afya Kadi, ambao mchango wake ulikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ikitaka watoto wajiunge kupitia familia au shule.

Hesabu hiyohiyo inaeleza ukomo wa bima nafuu. CHF iliyoboreshwa ya mwaka 2018 iliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya hadi watu 6 katika mikoa mingi, yaani shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka. Fedha hiyo inaweza kusaidia matibabu ya malaria na dawa za shinikizo la damu. Kuidai ibebe pia usafishaji damu ni kudai jambo ambalo hesabu inalikataa, labda serikali iongeze fedha nyingi za kodi.

Njia za kulazimisha uchangiaji ni nyingi. Ujerumani ilianza mwaka 1883 kwa bima ya lazima ya wafanyakazi. Uingereza, tangu tarehe 5 Julai 1948, hutumia kodi. Jirani zetu Kenya walianza Oktoba 2024 mfumo mpya wa bima ya jamii, ambapo mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Kwetu, kama kwa majirani, ugumu mkubwa ni uleule: wakulima, wavuvi, mama lishe na mafundi hawana hati ya mshahara ya kukatwa. Sheria yetu ya mwaka 2023 inatambua pia kwamba wapo wasioweza kuchangia chochote, na inaweka mfuko wa kuwagharimia. Bima kwa wote itapimwa hasa kwa uhai wa mfuko huo.

Namna ya kumlipa mtoa huduma

Fedha zikishakusanywa, kuna swali la pili: kituo kilipweje? Kila njia ina kishawishi chake. Kituo kinachopewa bajeti na mishahara pekee hakina haraka ya kumwona mgonjwa wa ziada. Kinacholipwa kwa kila huduma hushawishika kuongeza vipimo, dawa na upasuaji usiohitajika. Kinacholipwa kiasi maalumu kwa kila mtu aliyesajiliwa hushawishika kutoa huduma pungufu, au kumsukumia mgonjwa wa gharama kwenye rufaa. Vishawishi hivi haviulizi kama mwenye kituo ni serikali, kanisa, msikiti au mfanyabiashara.

Bei nazo zina mvutano. Mwezi Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha bei, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda huduma kwa wanachama wake. Mfuko ulitazama uhai wake na hospitali zilitazama gharama zake. Kati yao alisimama mgonjwa mwenye kadi mkononi. Bei ikiwa ya juu mno mfuko unafilisika, ikiwa ya chini mno vituo vinafunga dirisha. Mazungumzo ya bei yanapaswa kukamilika kabla ya tarehe ya utekelezaji.

Wajibu wa mhudumu wa afya

1. Mweleze mgonjwa gharama na mbadala wake kabla ya kuanza tiba isiyo ya dharura. Katika dharura, okoa maisha kwanza.
2. Fuata Mwongozo wa Matibabu wa Taifa. Usiagize kipimo kwa sababu tu kadi inakilipia. Fedha hiyo ni ya mgonjwa wa kesho.
3. Jaza fomu za madai kwa usahihi. Dai linalokataliwa kwa saini iliyosahauliwa ni dawa zinazokosekana kituoni.
4. Mgonjwa akikosa fedha, mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii mapema, wala usingoje atoroke wodini.

Ushauri kwa mgonjwa na familia

1. Jiunge na bima ukiwa mzima, na uiandikishe kaya nzima.
2. Uliza mambo manne kabla ya kulipa: inagharimia nini, haigharimii nini, katika vituo vipi, na rufaa inafuata njia gani.
3. Soma fomu ya huduma kabla ya kusaini. Ikiwa imeandikwa huduma ambayo hukupata, sema.
4. Dai stakabadhi kwa kila malipo, hata katika kituo cha umma.
5. Ikiwa una shinikizo la damu au kisukari, usikatize dawa kwa kuwa hujisikii vibaya.

Hitimisho

Turudi kwa seremala wetu. Tumezoea kusema kwamba msiba wake ulianza siku alipoambiwa figo zimeshindwa. Ulianza miaka 10 kabla yake, pale vidonge vya bei ndogo vilipokuwa vikishindana na unga na ada ya shule, kila mwezi, kwa fedha taslimu. Kama wakati huo angekuwa amekwisha kulipiwa, iwe kwa kodi au kwa mchango wa pamoja, yumkini figo zake zingalidumu, na kiwanja kingebaki kwa watoto. Alihitaji dirisha, la serikali au la binafsi, ambalo angelifikia bila kwanza kuhesabu fedha mfukoni.

Maswali ya majadiliano

1. Katika kituo chako, ni wagonjwa wangapi wa shinikizo la damu waliokatiza dawa kwa kukosa fedha, na ni nani anayewafuatilia?
2. Katika mfano wa watu 1,000, mchango wa kila mtu utakuwa kiasi gani ikiwa wagonjwa ni 2? Na ikiwa 100 kati ya hao 1,000 hawawezi kuchangia, nani awalipie?
3. Kituo chako hulipwa kwa njia gani, na njia hiyo inawashawishi wahudumu kufanya nini?