Uvundo Katika Motokaa ya Mjomba
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wetu hudhani ya kuwa Fizikia na Kemia ni elimu ya maabara na ya mtihani tu. Mimi nami nalidhani hivyo mpaka likizo ya Juni, 2024, nilipotuhumiwa kosa nisilolitenda, na elimu hiyo ndiyo iliyonitetea.

Mjomba wangu akaa hapa Songea mjini, na kazi yake ni kununua mahindi vijijini. Mwanzo wa likizo ile nalisafiri naye kutoka Mbamba Bay, nami nikapakia mfuko wa dagaa wa Ziwa Nyasa wa kumpelekea mama. Wiki iliyofuata mjomba alikwenda Njombe. Waijuao njia ile wajua baridi yake ya mwezi wa Juni. Alipofungua hita apate joto, ukatoka uvundo wa kutapisha. Mwanawe mdogo, mwenye ugonjwa wa pumu, alikohoa njia nzima.

Waliporudi niliitwa. Nikasema, “Shikamoo, Mjomba.” Akaitikia marahaba kwa uso mkavu, akaniambia, “Dagaa wako wameniharibia motokaa. Utabeba magunia likizo nzima mpaka ipatikane fedha ya kuisafisha.” Nikamjibu, “Mjomba, naomba siku moja nitafute. Ikiwa ni dagaa, nitabeba bila ya neno.” Akakubali.

Kabla ya kutafuta, yafaa kujua jinsi hita ifanyavyo kazi. Injini ikichemka, maji yanayoizunguka hufika joto la nyuzi 90 hivi. Sehemu ya maji hayo hupitishwa kwa mipira miwili mpaka katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni huvuta hewa, ama kutoka nje kwa njia ya matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, ama kutoka ndani ya motokaa yenyewe, kisha huisukuma ipite katika rejeta ile. Hewa hupata joto na kututokea usoni na miguuni. Basi kitu cho chote kilichooza au kinachovuja katika njia hiyo, harufu yake hatuna budi kuivuta sisi.

Harufu nazo hutofautiana. Harufu ya ukungu, kama ya nguo zilizoanikwa kivulini, mara nyingi hutokana na unyevu uliobaki katika mitambo ya kupozea hewa. Harufu tamu tamu ni ya dawa itiwayo katika maji ya rejeta. Harufu ya petroli au ya moshi ni ya hatari, na dereva asimame mara moja afungue vioo, maana moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo yenyewe haina harufu kabisa nayo huua. Uvundo wa nyama iliyooza, maana yake ni kiumbe aliyekufa.

Nalianza asubuhi, motokaa ikiwa imefungwa usiku kucha. Nalitaka pua yangu iwe mpya, kwa kuwa pua ya binadamu ikikaa na harufu dakika chache huizoea na kuacha kuisikia. Kwanza nalinusa mazulia na mahali pa mizigo nilipoweka dagaa. Sikusikia ila vumbi la mahindi. Pili, nilifungua umeme bila ya kuwasha injini, nikafungua feni. Uvundo ukatoka palepale. Kwa hiyo haukuwa moshi, maana injini ilikuwa imelala. Tatu, niliweka feni ivute hewa ya nje, kisha ivute ya ndani. Uvundo haukubadilika. Kwa hiyo chanzo hakikuwa huko mbele kwenye injini, bali mahali ambapo njia zote mbili hukutana, yaani kwenye feni yenyewe. Angalieni ya kuwa kila mara nalibadili jambo moja tu. Mtu akibadili mawili kwa pamoja, hawezi kujua ni lipi lililoleta matokeo.

Nalimwita mjomba. Tuliondoa ufunguo, tukafungua kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria, kisha tukaishusha feni. Ndani tulikuta kiota cha sifongo na punje za mahindi, na katikati yake panya aliyeoza. Wavu wa matundu ya nje ulikuwa umevunjika, na motokaa hulala kando ya ghala. Panya aliingia kutafuta joto, akanaswa humo akafa.

Hapa naonya wenzangu: msimshike panya kwa mikono mitupu. Homa ya mgunda iliyotokea Mkoa wa Lindi mwaka 2022 ni ugonjwa uenezwao na mkojo wa wanyama, panya wakiwa miongoni mwao. Tulivaa glavu na kufunika pua, tukanyunyiza dawa ya kuua vijidudu kabla ya kufagia vumbi lisiruke, kisha tukamzika mbali.

Mjomba alicheka, akanisamehe dagaa wangu, akataka kufunga kazi. Lakini mwalimu wetu hutufundisha kurudia jaribio baada ya kusahihisha. Nikamwomba awashe injini. Feni ikipuliza hewa baridi, hapakuwa na harufu. Injini ilipochemka na hita kufunguliwa, nilisikia harufu nyingine, nyepesi na tamu, na kioo cha mbele kikaingia ukungu wenye utelezi kama mafuta. Nikapapasa chini ya zulia la abiria, nako kulikuwa na majimaji. Rejeta ndogo ilikuwa ikivuja! Uvundo wa panya ulikuwa umeificha harufu ya pili.

Mjomba alinyamaza. Kesho yake alikusudia kwenda Njombe tena pamoja na mwanawe. Maji yangepungua kidogo kidogo, na huenda injini ingechemka kupita kiasi katika milima ya Lukumburu, na dawa ile ni sumu isiyofaa kifua cha mtoto yule. Alimpelekea fundi motokaa, rejeta ndogo ikabadilishwa, na wavu mpya ukatiwa. Mahindi nayo yalihamishiwa mbali na mahali pa kuegeshea.

Wasomaji wenzangu, nimejifunza mambo mawili. La kwanza, mtuhumiwa wa karibu si lazima awe mkosaji. Dagaa hunuka, ni kweli, lakini kunuka kwake si ushahidi. La pili, ukimpata mkosaji mmoja usiache kutafuta, maana nyuma yake aweza kuwapo mwingine aliye mbaya zaidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tena tusimdharau panya kwa kila jambo. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake ya kutafuta mabomu nchini Kambodia. Ikiwa panya aweza kufundishwa kutumia pua kuokoa watu, sisi wenye pua, akili na walimu twashindwa na nini?

Dagaa walimfika mama salama. Mjomba aliomba afungiwe nusu yao, akala bila ya kulalamikia harufu.