Kabla Hujachagua Programu ya Kuhariri Picha

Mpigapicha anayerudi alfajiri na picha elfu mbili za harusi, na mwenye studio ya picha za pasipoti kando ya stendi, wote husema wanatafuta programu ya kuediti. Mahitaji yao hayafanani. Wa kwanza anahangaika na wingi: achuje, asawazishe rangi, atoe picha mia kadhaa zenye sura moja kabla ndugu wa bibi harusi hawajaanza kupiga simu. Wa pili anashughulika na picha moja tu kwa wakati, akibadilisha rangi ya nyuma, akifuta kivuli shingoni, akipanga nakala nane kwenye karatasi moja. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza ipi ni bora. Angalia saa zako zinaishia wapi ukishakaa mbele ya kompyuta.

Kwa kazi ya wingi, jina linalotajwa kwanza ni Lightroom, iliyotoka mwaka 2007. Hutunza kumbukumbu ya kila badiliko bila kuigusa picha yenyewe, na marekebisho ya picha moja huyabandika kwenye mia nyingine kwa mpigo. Darktable na RawTherapee hufanya kazi ya aina hiyo bila malipo. Capture One ya Denmark hupendwa na wanaopiga studio huku kamera imeunganishwa na kompyuta kwa waya. Kama hupigi hivyo, sioni sababu ya kuilipia bei yake.

Kwa kazi ya picha moja moja kuna Photoshop, iliyoanza kuuzwa 1990, na GIMP, ambayo ni ya bure na ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Affinity, iliyotengenezwa na kampuni ya Serif ya Uingereza na kununuliwa na Canva mwaka 2024, sasa hutolewa bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Photopea hufanya kazi ndani ya kivinjari na hufungua faili za PSD, hivyo inafaa mteja anapokuletea kadi ya mwaliko iliyotengenezwa kwa Photoshop na wewe huna Photoshop. Mwenye studio ya pasipoti anaweza kuishi na GIMP miaka yote asikose kitu.

Jambo la pili ni faili zako. Ukipiga JPEG pekee, karibu programu yoyote itakutosha, hata Snapseed ya kwenye simu. Faida ya programu kubwa huonekana kwenye faili ghafi, zile zinazoitwa RAW. JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 huhifadhi 16,384. Ndiyo maana shela jeupe lililopigwa na jua la saa nane mara nyingi huokolewa kwenye RAW, na kwenye JPEG hubaki baka jeupe. Lakini kila kampuni ya kamera ina faili ghafi za aina yake, na programu ya zamani haizijui kamera mpya. Lightroom 6, ya mwisho kuuzwa kwa kununua mara moja, haifungui faili za CR3 ambazo Canon ilianza kuzitumia 2018. Adobe, watengenezaji wa Lightroom, hutoa bure kigeuzi cha kuzifanya DNG, na hapo hata programu kongwe huzisoma, ila umeongeza hatua moja kwenye kila kazi.

Kisha kompyuta. Darktable ni nzito kwenye mashine isiyo na kadi nzuri ya michoro. Kitelezi ukikivuta, picha inakuja baadaye. Zana ya Lightroom ya kuondoa chengachenga kwa akili mnemba, iliyoingia 2023, inasaidia sana picha za ukumbini zilizopigwa kwa ISO 6400, ila kwenye kompyuta dhaifu picha moja huweza kuchukua dakika kadhaa. Zidisha kwa picha mia mbili, na umeme ukatike katikati.

Ukishabaki na programu mbili au tatu, zijaribu, na zijaribu kwa picha zako zilizo ngumu kuliko zote. Picha za mfano kwenye tangazo la programu hupigwa mchana mwororo, mara nyingi kwa watu weupe. Chukua ile ya ukumbini: bwana harusi mweusi anayeng'aa kwa jasho, suti nyeusi, shela jeupe begani kwake, taa za zambarau za DJ upande mmoja na za njano za jukwaani upande wa pili. Weka nyeupe sahihi kwa kugusa shela. Kisha inua mwanga wa uso peke yake kwa brashi. Tazama kivuli cha chini ya taya: je, kimebaki na wekundu na ukahawia wake, au kimegeuka rangi ya majivu? Tazama pia kama chengachenga za kijani zimejitokeza kwenye paji la uso. Hapo ndipo programu huachana kabisa, na hakuna jedwali la sifa litakalokuonyesha.

Jihadhari na preseti za kununua. Nyingi hung'arisha rangi ya chungwa kwa sababu ndiko ngozi nyeupe ilipo. Ukizipaka juu ya ngozi nyeusi, uso unapauka na meno yanakuwa ndiyo kitu pekee chenye uhai. Tengeneza preseti zako kutokana na picha ulizokwisha kuzisawazisha mwenyewe. Na programu ya simu inayomlainisha na kumweupisha bibi harusi kabla hujagusa kitu, ifute. Mama yake atauliza huyu ni nani.

Pima muda pia: toa picha hamsini kwa JPEG katika kila programu na uangalie saa. Halafu peleka moja ya kila programu ikasafishwe kwa ukubwa wa inchi 4 kwa 6, ikiwa kwenye mfumo wa rangi wa sRGB. Karatasi itakuambia kama kioo cha kompyuta yako kinang'aa kupita kiasi.

Kuhusu pesa, malipo ya kila mwezi ya Adobe yawekwe kwenye bei ya kazi kama nauli ya kufika ukumbini. Ukiacha kulipa, Lightroom Classic hukuruhusu kutazama na kutoa picha, ila chumba cha kuhariri hufungwa. Nakala zilizovunjwa kufuli, ambazo fundi hukuwekea kwa bei ya soda, mara nyingi hukudai uzime kwanza kinga ya virusi, kwenye diski ileile yenye nakala pekee ya harusi ya mtu. Darktable ipo bure, itumie.

La mwisho, jua utatokaje. Apple ilitangaza mwaka 2014 kuacha kuiendeleza Aperture, na waliokuwa na miaka ya kazi ndani yake wakalazimika kuhama. Marekebisho ya programu moja hayahamii vizuri kwenye nyingine. Nyota na majina ulizozipa picha ndivyo vinavyohama. Washa mpangilio wa kuandika faili za XMP kando ya kila picha, na picha za albamu uzitoe kwa TIFF ya biti 16. Kwa kamera ya megapikseli 24, kila moja hufika karibu MB 144, kwa hiyo ziwe hizo tu. Weka kila kitu kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine.