Samaki Wako Anaumwa, au Maji Yake Ndiyo Yanaumwa?

Katika kata zetu mabwawa ya perege na kambale yanazidi kuchimbwa, na wakazi wasio na eneo kubwa wanafuga samaki katika matangi nyuma ya nyumba. Mfugaji hulisha kwa miezi sita au zaidi kabla ya kuvuna. Katika kipindi hicho chote mtaji wake umelala chini ya maji, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Ng'ombe akiugua utamsikia na kumwona. Samaki huugua kimya kimya. Simu nyingi zinazofika ofisini kwetu huja samaki wakiwa wamekwisha kuelea. Somo la toleo hili linakusudia kumwezesha mfugaji kupiga simu hiyo mapema, na kujua la kufanya wakati akimsubiri mtaalamu.

Anza kwa kuyachunguza maji

Samaki wanapokufa, wengi wetu hukimbilia kuuliza dawa. Swali la kwanza linapaswa kuwa: wanakufaje?

Wakifa wengi kwa usiku mmoja, hasa alfajiri, na wakubwa wakitangulia, shuku upungufu wa hewa ya oksijeni majini. Mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku huitumia. Ndiyo maana bwawa lililokuwa salama jioni laweza kuwa na maiti asubuhi. Dalili yake ni samaki kupanda juu na kuhema kwa midomo iliyo wazi kabla jua halijachomoza. Perege wakifanya hivyo, sitisha chakula na samadi siku hiyo, kisha ingiza maji mapya yakianguka kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Kambale yeye hupanda kuvuta hewa kwa kawaida yake, hivyo usimhukumu kwa dalili hiyo pekee.

Wakifa wa umri wote kwa pamoja, na vyura na wadudu wa majini nao wakafa, shuku sumu, kwa mfano dawa ya kuulia wadudu iliyosombwa na mvua kutoka shambani. Samaki wa namna hiyo wasiliwe wala wasiuzwe.

Wakifa wachache wachache kila siku, idadi ikiongezeka na miili ikiwa na alama, hapo ndipo tunapozungumzia ugonjwa.

Dalili za kutazama

Wakati mzuri wa kumkagua samaki ni saa ya kulisha. Samaki mwenye afya huja haraka. Anayebaki pembeni peke yake, mapezi ameyabana, au anayejisugua ukutani, ana jambo. Mtoe kwa wavu na umtazame:

- Nyuzi nyeupe kama pamba juu ya ngozi ni kuvu. Mara nyingi huota palipo na jeraha, baada ya samaki kuvuliwa au kusafirishwa bila uangalifu, na hasa majira ya baridi.
- Vitone vyeupe vidogo kama chembe za chumvi mwilini na kwenye mapezi ni vimelea. Huenea upesi walipobanana.
- Vidonda vyekundu, tumbo lililovimba au magamba yaliyosimama huashiria bakteria.
- Macho yaliyotokeza na kuogelea kwa kuzunguka zunguka pia huashiria bakteria, hasa wakati wa joto kali.

Yapo pia magonjwa ya virusi. Kirusi kimoja kinachoshambulia perege kilitambuliwa nchini Israeli mwaka 2014, na baadaye kikagunduliwa katika samaki wa Ziwa Victoria. Hakina tiba, kinga yake ni kutoingiza vifaranga usivyojua vilikotoka.

Tiba iliyo mikononi mwa mfugaji

Kwa kuvu na vimelea vya ngozi, chumvi ya kawaida husaidia. Chukua ndoo ya plastiki yenye lita 20 za maji ya bwawa lile lile, uyeyushe gramu 200 za chumvi zilizopimwa kwa mizani. Waogeshe perege wachache kwa muda usiozidi dakika 10, huku ukiwatazama. Anayelala ubavu mtoe mara moja umrudishe kwenye maji safi. Vimelea vya vitone vyeupe havifi vikiwa ndani ya ngozi, bali vinapotoka na kuogelea majini. Kwa sababu hiyo kuogesha mara moja hakutoshi. Mtaalamu atakuelekeza namna ya kurudia.

Kwa samaki wa kwenye tangi, badilisha theluthi moja ya maji. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi siku nzima au mbili kabla ya kutumika.

Dawa za kuku na vidonge vya binadamu visitiwe bwawani. Antibayotiki isiyopimwa hulea vijidudu sugu, na mabaki yake humfikia mlaji mezani. Dawa hizo zitumike kwa maelekezo ya mtaalamu tu, na samaki wavunwe baada ya muda atakaoutaja.

Kinga

Bwawa lisilo na mashine ya hewa lisizidishe samaki 2 au 3 kwa kila mita moja ya mraba. Lisha kwa kipimo: samaki 200 wenye gramu 100 kila mmoja wana jumla ya kilo 20, asilimia 3 ya uzito huo ni gramu 600 kwa siku, zigawanywe asubuhi na jioni. Chakula kinachobaki huoza na kuwa sumu. Zamisha mkono wima hadi kiwiko. Kiganja kikipotea machoni mapema kabla maji hayajafika kiwikoni, kijani kimezidi, punguza samadi. Usiazimane nyavu na jirani kabla hazijaoshwa na kukauka juani. Maiti zifukiwe mbali na maji, kamwe zisitupwe mtoni, kwa kuwa mto huo ndio bwawa la mwenzako wa chini.

Ukimwita mtaalamu

Mwone Afisa Uvuvi kupitia ofisi ya kata yako. Mpelekee samaki anayeumwa akiwa hai, ndani ya mfuko wenye maji na hewa. Aliyeoza hasemi kitu. Uwe umeandika lini vifo vilianza, wangapi kwa siku, na chakula gani kilitumika. Daftari la shilingi chache laweza kuokoa bwawa zima.