Mmea Uliokosewa Kabila Lake

Wasomaji wengi huijua kuvumwani, yaani ile mimea midogo, laini, ya kijani kibichi, iotayo juu ya mawe na magogo mahali penye kivuli na maji. Ni wachache wanaofahamu ya kuwa kila aina yake ina jina lake, na kwamba jina hilo huweza kuwatatiza wataalamu kwa miaka mingi.

Mabingwa wa elimu ya mimea huupa kila mmea majina mawili ya Kilatini. La kwanza ni la ukoo. La pili ni lake wenyewe. Linnaeus wa Sweden aliitumia desturi hii kwa mimea yote katika kitabu chake cha mwaka 1753, lakini kwa kuvumwani karibu zote majina huhesabiwa tangu kitabu cha Dakta Hedwig wa Leipzig, kilichotolewa mwaka 1801, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Kutoa jina si kazi kubwa. Kazi ni kuujua ukoo.

Mwaka 1861, Bwana Mitten, Mwingereza, aliandika habari za mmea mdogo sana uliotoka milima ya Himalaya. Majani yake yalikuwa kama vidole vyembamba, basi akauita ceratophylla, maana yake "wenye majani kama pembe." Akautia katika ukoo wa Lepidozia, ulio wa kabila jingine, si kuvumwani. Kabila hilo Wazungu wa zamani waliliita mimea ya ini, kwa kuwa baadhi yake hufanana na ini la mnyama.

Karibu miaka mia ikapita. Ndipo Bwana Takaki alipookota mmea wa namna hiyo katika milima mirefu ya Japani. Hakuna aliyeweza kuutambua, na Wajapani wakaupa jina la mzaha, nanjamonja-goke, yaani "kuvumwani ya ni-kitu-gani-hiki." Mwaka 1958 mabwana Hattori na Inoue waliufanyia ukoo mpya, wakauita Takakia kwa heshima ya aliyeuona. Mwaka 1963 ikatambuliwa kwamba mmea wa Mitten nao ni wa ukoo huo, ukaitwa Takakia ceratophylla. Angalieni sheria ilivyo: jina la ukoo lilibadilika, lakini jina alilolitoa Mitten halikuguswa, kama mtoto ahamiaye kwa baba mwingine na jina lake la kuzaliwa.

Hata hivyo kabila lilibaki lile lile la mimea ya ini, wala wataalamu hawakustahili lawama. Mimea waliyokuwa nayo ilikuwa ya kike tu, haina kifuko cha chembe za uzazi, na kifuko hicho ndicho kinachotambulisha kabila. Katika mimea ya ini kifuko hupevuka kwanza, kisha kikonyo chake hurefuka kwa ghafula, nacho ni teketeke, hunyauka upesi. Katika kuvumwani kikonyo hukua kwanza, tena ni kigumu, hudumu. Kifuko hupevuka baadaye.

Mabwana Smith na Davison, Waamerika, ndio walioipata mimea ya kiume na vifuko, katika visiwa vya Aleutian, penye baridi kali kati ya Alaska na Asia. Kikonyo kilikuwa kigumu, na kifuko kilipasuka kwa ufa mmoja uliojipinda kama kamba. Mwaka 1993 walitangaza kwamba Takakia ni kuvumwani.

Uchunguzi wa asili ya urithi ulio ndani ya chembe za mmea umewaunga mkono. Mwaka 2023 wataalamu waliouchunguza katika nyanda za juu za Tibet, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, walieleza kuwa nasaba yake ni ya miaka milioni 390 hivi, na kwamba kwa sababu ya joto kuongezeka mahali unapoota panazidi kupungua.