SOMO: HERUFI MBILI, BABA WENGI



Neno "okei" limekwisha ingia hata vijijini. Kijana akiambiwa, "Kesho tudamke, tukapalilie," anajibu, "Okei, baba." Karani naye akikagua hesabu huweka pembeni herufi mbili: OK.

Je, herufi hizi zilitoka wapi? Waulize watu watano, utapata majibu matano, na kila mmoja ataapa kwamba lake ndilo la kweli. Katika somo hili tutayapima majibu hayo. Anayejua kusoma ana kazi ya kutenga hadithi na ushahidi, kama tunavyopepeta mchele na pumba.

Hadithi ya biskuti

Wengine husema kwamba katika vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, askari waligawiwa biskuti zenye alama ya O.K. Eti walizipenda mno, wakaanza kuita kila kitu kizuri "okei".

Ni hadithi tamu. Lakini vita hivyo vilianza mwaka 1861 na kuisha 1865. Neno OK lilichapwa gazetini mwaka 1839. Jamani, mtoto atazaliwaje kabla ya baba yake? Hadithi hii tunaiweka kando.

Hadithi ya rais

Andrew Jackson alikuwa rais wa Marekani kuanzia 1829 hadi 1837. Shule hakusoma sana. Mwaka 1840 wapinzani wa chama chake walieneza habari kwamba hata kuandika hajui. Kwa Kiingereza "yote ni sahihi" ni "all correct". Wakasema eti yeye aliandika "oll korrect", ndipo ikapatikana OK.

Baadaye watu walitoa karatasi ya mahakama ya Tennessee ya mwaka 1790, wakisema, "Hii hapa, OK ya Jackson!" Wataalamu walipoitazama vizuri, kumbe herufi zilikuwa O.R., yaani iliamriwa iandikwe kitabuni. Tazameni basi: habari iliyoanza kama kejeli ya uchaguzi iligeuka kuwa historia, na mtu akachekwa miaka mingi kwa kosa ambalo halikuthibitishwa.

Hadithi za kufanana kwa sauti

Wachoctaw, ambao ni wenyeji wa asili wa Marekani, wana neno linalosikika kama "oke", maana yake "ndivyo". Rais Woodrow Wilson aliamini kwamba OK ilitoka kwao, akawa anaandika "okeh". Wengine wanasema neno lilitoka Afrika Magharibi, katika lugha ya Kiwolof, likapelekwa Marekani na watu waliouzwa utumwani.

Hadithi hizi mbili haziangushwi na tarehe. Lakini watu wawili huweza kufanana sura bila ya kuwa ndugu. Kufanana peke yake hakutoshi.

Ushahidi unasema nini?

Mtaalamu mmoja wa lugha, Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alipekua magazeti ya zamani. Mwaka 1963 na 1964 alichapisha aliyoyaona. Gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839 lilikuwa na herufi o.k., na papo hapo likaeleza kwamba maana yake ni "yote ni sahihi". Wakati ule waandishi wa Boston walipenda utani wa kufupisha maneno, tena wakiyakosea kwa makusudi.

Mwaka uliofuata Rais Martin Van Buren aligombea tena. Alizaliwa Kinderhook, na wafuasi wake walimwita "Old Kinderhook", yaani Mzee wa Kinderhook. Herufi za kwanza ni O.K.! Wakazifanya alama ya kampeni. Van Buren alishindwa, lakini neno lilibaki. Wataalamu wengi leo wanakubali maelezo haya, kwa sababu yana gazeti na yana tarehe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Asili ya neno ni vivyo hivyo.

Na hapa kwetu?

Utasikia kwamba daladala ziliitwa hivyo kwa kuwa nauli ilikuwa dola moja ya Marekani. Wapi! Mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa Dar es Salaam mwaka 1983, na mwisho wa mwaka huo dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 12. Nauli ilikuwa shilingi tano, na shilingi tano watu waliiita "dala". Tarehe na hesabu vimetusaidia tena.

Tukumbuke

Ukisikia maelezo ya neno au kifupisho, uliza: Lilianza kuandikwa lini? Nani aliliona? Maelezo yalikuja pamoja na neno, au yalitungwa baadaye?

Na ukipewa karatasi ya mkopo au ya shamba yenye herufi usizozijua, usitie sahihi kwa sababu tu mtu amekuambia, "Hiyo ni kawaida." Mwambie akuonyeshe maneno kamili yaliyoandikwa. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini hadithi ya biskuti haiwezi kuwa kweli?
2. Habari ya Rais Jackson ilimnufaisha nani?
3. Tajeni neno moja la kijijini kwenu lenye hadithi mbili. Ni mzee gani, au karatasi gani, inayoweza kuwasaidia?