Datsun ya Likoni au MG ya Nakuru?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa hisabati, nina miaka 56, naishi Bamburi, Mombasa. Tangu utotoni nimetamani gari la spoti la zamani nilifufue kwa mikono yangu, polepole, wikendi na likizo. Sasa nimepata matatu na usingizi umenipaa. La kwanza ni Datsun 240Z ya 1972, iko Likoni. Haina injini na sakafu ina matundu, lakini mwenyewe anaapa ilikimbia Safari Rally. La pili ni MGB GT ya 1969, iko Nakuru kwenye ghala la marehemu mzee mmoja. Injini imekwama ila hakuna kilichong'olewa. La tatu, mpwa wangu wa Dubai ameona Porsche 911 ya 1984 na anasema ataipakia melini. Moyo wangu uko kwa Datsun. Mama watoto naye anasema haingii chuma kingine hapa mpaka niondoe Peugeot 404 iliyokaa uani miaka tisa, ambayo sasa kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Nishauri.

Mwalimu, Bamburi

Marahaba, Mwalimu.

La Dubai tulimalize kwanza maana ni jepesi. Kanuni ya kawaida ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka 8, na usukani wa kushoto umekatazwa isipokuwa kwa kazi maalumu. Mshukuru mpwa wako, umwambie asitoe hata dirhamu moja bila jibu la maandishi kutoka KEBS, shirika la viwango. Mimi ningelifuta kabisa.

Datsun ndiyo inayokunyima usingizi, nami sikulaumu. Edgar Herrmann alishinda Safari ya 1971 kwa 240Z, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akarudia kwa gari la aina hiyohiyo mwaka 1973. Tangu hapo kila 240Z iliyosahaulika nyuma ya gereji ina mtu wa kuapa kwamba ilikimbia Safari. Ile ya Herrmann iko Japani, Nissan wenyewe wanaitunza. Bwana wa Likoni akitaka umlipe kwa ajili ya historia, atoe karatasi za mashindano zenye namba ya chasi inayolingana na ya gari. Hana? Basi anauza mabati, na bei iwe ya mabati.

Mabati yenyewe ndiyo kasoro. Injini kukosekana hakunitishi. Injini huletwa kwenye kreti. Kinachonitisha ni ile sakafu. 240Z haina fremu ya peke yake chini kama Land Rover. Sakafu, kingo za chini ya milango na reli zilizochomelewa kwa chini ndivyo vinavyolishika gari lisikunjike. Ukiona matundu kwa juu, jua reli za chini zimeliwa zaidi, na kwa gari lililovuta upepo wa chumvi kwa miaka mingi, sitarajii habari njema kwenye trei ya betri wala kwenye ukingo wa mlango wa nyuma. Kazi hiyo inataka gari lifungwe sawasawa kabla ya kuchomelewa, la sivyo milango haitafungika na barabarani litavuta upande. Fundi hodari wa bodi atakutoza kwa haki, na atakutoza muda mrefu. Halafu spea za 240Z zinagombewa na matajiri wa Marekani na Japani, si na walimu.

Nenda Nakuru.

Sisemi hivyo kwa kuwa MGB ni gari bora kuliko Datsun. Ukiziweka barabarani zote mbili zikiwa nzima, Datsun itaiacha MG mbali: ina silinda sita na lita 2.4, mwenzake ana silinda nne na lita 1.8. Lakini unatafuta gari la kutengeneza, na kwa kazi hiyo MGB ina wapinzani wachache. Zilitengenezwa zaidi ya 500,000 kati ya 1962 na 1980, nyingi bado zinatembea, na Uingereza wanauza karibu kila kipande, hata bodi nzima mpya. Injini yake ni ya ukoo mmoja na zile za Morris Oxford na Austin Cambridge, kwa hiyo mafundi wazee walioshika teksi za enzi hizo hawatakuuliza ni mdudu gani. Tena yako ni GT, yenye paa la bati. Hutahangaika na turubai la kukunjwa, na bodi yake ni ngumu kuliko ile ya wazi.

Ukifika ghalani, usianze na injini. Chukua sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa laini, uipitishe chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu. Isiponasa, chini ya rangi kuna fila. Ingia uvunguni na bisibisi, udunge kingo kutoka mbele hadi nyuma. Funua pia nyuma ya viti, mahali pa betri mbili za volti 6, uone asidi imefanya nini. Kingo zikiwa zimeoza pande zote mbili, shukuru, panda matatu, rudi nyumbani. Ikiwa ni kutu ya juujuu tu, endelea.

Injini iliyokwama isivutwe kwa gari jingine wala kushindiliwa starta. Toa plagi, mimina mafuta laini ndani ya silinda, uiache siku kadhaa, kisha uizungushe kwa spana, mbele na nyuma, kidogo kidogo. Ikilegea, bado fungua silinda hedi. Gari hili lilizaliwa wakati wa petroli yenye risasi, ambayo ilitoweka vituoni kwetu kufikia 2006, kwa hiyo fundi wa mashine akuwekee siti ngumu za valvu za ekzosi. Ununue na spana za inchi. Zile za milimita zitakula pembe za nati.

Kuna jaribu moja linaloua miradi hii kuliko kutu: kufungua kila kitu wiki ya kwanza kwa furaha. Baada ya miezi minane una masanduku kumi na mawili na hukumbuki skrubu ipi ni ya wapi. Anza na breki. Kisha tangi na mabomba ya petroli, kisha waya, ndipo uiwashe. Gari linaloweza kwenda na kusimama lenyewe, hata likiwa na sura mbaya, hukupa hamu ya Jumamosi inayofuata. Rangi iwe ya mwisho. Na kwa kuwa uko Bamburi, lifunike kwa kitambaa cha pamba kinachopumua, chini ya paa. Nailoni hufungia unyevu ndani na kutu inashangilia.

Mama watoto yuko sahihi, na sishangai kwamba sentensi yenye akili kuliko zote katika barua yako ni yake. Miaka tisa! Hiyo 404 uliyowaachia kuku ni aina iliyoshinda Safari mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, mara mbili zaidi ya 240Z unayoililia. Lakini hukuigusa, na hutaigusa. Iuze kwa anayetafuta spea, pesa zake ziwe nauli ya lori la kubebea MG, na kuku uwajengee banda kabla lori halijafika.

Mwisho, karatasi. Mwenye gari amefariki, kwa hiyo mjane au mtoto wake hawezi kukuuzia kwa mdomo tu, hata awe mwaminifu vipi. Waulize kama wamepata hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na logibuku iko wapi. Kama hawana, wasubiri, usiache hata arubuni. Zikipatikana, linganisha namba ya chasi na ya injini kwa macho yako mwenyewe, na uhamisho ufanyike NTSA, mamlaka ya usafiri, kabla gari halijatoka Nakuru.